Bangi ya chumbani Eldoret: Kilimo kilichozaliwa na hofu ya askari

JUA si bidhaa adimu Eldoret. Mji huo, uliotawazwa kuwa jiji mnamo Agosti 15, 2024, uko takriban nusu digrii kaskazini mwa Ikweta, katika mwinuko wa kiasi cha mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Mchana wake hudumu karibu saa 12, iwe Januari au Julai. Ni kwa sababu ya jua hilo, pamoja na ubaridi wa nyanda za juu, ambapo waridi hustawi katika mashamba ya maua ya Uasin Gishu na kusafirishwa hadi Ulaya, huku mahindi na ngano zikitapakaa kuelekea Moiben na Ziwa.

Ndiposa ni jambo la kustaajabisha kwamba kuna mmea ambao Wakenya wengine sasa wanauficha usilione jua hilo. Taarifa za polisi nchini katika miaka ya karibuni zimetaja nyumba za kupanga ambamo miche ya bangi ilipatikana ikikua ndani: madirisha yamezibwa, kuta zimebandikwa karatasi za kung'aa ili zirudishe mwanga wa taa kwenye majani, na udongo umechanganywa na mboji ndani ya ndoo za plastiki.

Mbinu hiyo si ya Kiafrika. Ilikomaa Uholanzi, Kanada na majimbo ya Marekani, mahali ambapo majira ya baridi huua mmea shambani na ambapo, kwa miongo kadhaa, helikopta za polisi zilivisaka viunga vya bangi kutoka angani. Sababu hizo zilikuwa mbili: theluji na sheria. Eldoret haina theluji. Inayobaki ni sheria peke yake, na hapo ndipo uchambuzi wowote wa suala hili unapopaswa kuanzia.

Sheria yenyewe ni ile ya Kudhibiti Dawa za Kulevya ya mwaka 1994, ambayo ilifanyiwa marekebisho mnamo 2022. Kifungu cha 6, kama kilivyotungwa, kilimwekea anayekuza mmea uliopigwa marufuku faini ya Sh250,000 au mara tatu ya thamani ya mmea huo kwa bei ya sokoni, kutegemea ipi ni kubwa zaidi, au kifungo kisichozidi miaka 20, au adhabu zote mbili. Wengi wanaijua sehemu hiyo. Wasiyoijua ni kwamba kifungu hicho hicho kinamtaja pia mwenye ardhi au jengo, na hata msimamizi wake, anayeruhusu mahali pake patumike kwa kilimo hicho.

Katika mji kama Eldoret, maneno hayo yana uzito wa pekee. Hapa ni mahali pa vyuo: Chuo Kikuu cha Moi, Chuo Kikuu cha Eldoret, na taasisi nyingi ndogo. Maelfu ya vijana hupanga vyumba Annex, Langas, Kapsoya na kwingineko. Mjane aliyejenga vyumba vinane kwa akiba yake, na ambaye hukusanya kodi kupitia simu bila kupiga hodi, anaweza kujikuta akieleza mbele ya hakimu kwamba hakujua kilichokuwa kikiendelea nyuma ya pazia zito. Sheria inamtaka aliyeruhusu, si asiyejua. Lakini kati ya siku ya kukamatwa na siku ya kuthibitisha kutojua, kuna dhamana, kuna wakili, na kuna kodi isiyolipwa.

Je, shamba hilo la chumbani lina tija gani? Wanaolisifu husema ni safi, halitegemei mvua na huzaa bangi kali. Hilo la ukali lina ukweli, na ndilo linalopasa kuwatia wazazi wasiwasi. Uchunguzi wa bangi iliyonaswa na serikali ya Marekani ulionyesha kwamba kiwango cha THC, ile kemikali inayolevya, kilipanda kutoka takriban asilimia 4 mwaka 1995 hadi takriban asilimia 12 mwaka 2014. Ongezeko hilo liliambatana na kuenea kwa mimea iliyochaguliwa na kutunzwa kwa makini, mingi ikikuzwa ndani. Bangi iliyovutwa na vijana wa miaka ya themanini na hii ya leo zinashiriki jina tu.

Kuhusu usafi, hali ni kinyume na inavyodhaniwa. Mmea wa bangi una tabia ya kunyonya madini mazito kutoka ardhini. Jamii yake ya katani ilijaribiwa hata karibu na Chernobyl, nchini Ukraine, kwa minajili ya kusafisha udongo uliochafuliwa. Kwa hivyo udongo uliochotwa kando ya barabara kuu au nyuma ya gereji, ukiwa na risasi au kadimiamu, hupitisha sumu hiyo hadi kwenye jani, na kutoka jani hadi kwenye pafu. Chumba kilichozibwa nacho hukusanya unyevu, na unyevu huzaa ukungu. Ongeza nyaya za umeme zilizounganishwa na fundi wa mtaani ili kuwasha taa usiku na mchana ndani ya jengo la mbao na mabati, na hatari haiishii kwa mpangaji mmoja.

Hapo pana kejeli ambayo mtu wa Uasin Gishu hawezi kukosa kuiona. Mkulima huyo wa chumbani huuchagua udongo wake, huupima uchachu na kuurutubisha kama mtu amtengenezeaye mtoto uji. Mkulima wa mahindi, ambaye analisha taifa, hulima udongo aliourithi ukiwa umechoka. Watafiti, wakiwemo wa kampasi ya Chepkoilel ambayo sasa ni Chuo Kikuu cha Eldoret, wameeleza kwa miaka mingi kwamba mashamba mengi ya eneo hilo yana tindikali kupita kiasi, na kwamba matumizi ya mbolea ya DAP msimu baada ya msimu yamechangia kuyafikisha hapo. Dawa yake inajulikana na si ghali mno: chokaa ya shambani, baada ya udongo kupimwa. Lakini ni wangapi wanaoupima? Foleni ndefu kwenye mabohari ya Bodi ya Nafaka na Mazao (NCPB) ni ya kutafuta mbolea ya ruzuku, na mwaka 2024 hata hiyo mbolea iliingia doa baada ya baadhi ya wakulima kugundua kwamba waliuziwa magunia ya bidhaa ghushi.

Ni katika pengo hilo, kati ya shamba lisilolipa na tamaa ya mkato, ambamo ahadi ya bangi imepata masikio. Mnamo 2018, aliyekuwa mbunge wa Kibra, marehemu Ken Okoth, alimwandikia Spika akitaka msaada wa kutayarisha mswada wa kuhalalisha na kudhibiti bangi. Mwaka 2021, Warastafari waliwasilisha kesi katika Mahakama Kuu wakidai kwamba marufuku hiyo inakiuka uhuru wao wa kuabudu. Kisha ukaja uchaguzi wa Agosti 2022, ambapo Profesa George Wajackoyah wa chama cha Roots alizunguka nchi akiahidi kwamba bangi ingelipa madeni ya taifa. Alishangiliwa kila alikokwenda, lakini kura zilipohesabiwa alipata 61,969, chini ya nusu asilimia. Umati ulipenda tamasha. Hata hivyo wazo lenyewe halikuzikwa na matokeo hayo.

Tatizo la ahadi ya Wajackoyah halikuwa maadili tu, bali hesabu. Kanada, iliyohalalisha bangi Oktoba 2018, ilijikuta na ziada kubwa kiasi kwamba mwaka 2021 pekee kampuni zilizopewa leseni ziliharibu zaidi ya tani 400 ambazo hazikuuzika. Ikiwa nchi yenye mitaji, maabara na wanunuzi matajiri ilichoma mazao yake, mkulima wa ekari tano kule Soy angeuzia nani?

Mifano ya karibu inafundisha zaidi. Lesotho ilitangulia Afrika kwa kutoa leseni za bangi ya dawa mwaka 2017, na kampuni za Kanada zikaingia kwa kishindo, ilhali wanakijiji waliokuwa wakiikuza milimani kwa vizazi vingi walibaki nje ya uzio. Zimbabwe ilipofungua mlango mwaka 2018, ada ya leseni ilikuwa dola 50,000 za Marekani. Rwanda iliidhinisha kilimo hicho kwa ajili ya kuuza nje pekee, na kanuni zake za mwaka 2021 zinadai uzio maradufu, minara ya walinzi, taa na kamera. Nchini Uganda, mradi uliosikika zaidi ni wa Kasese, uliohusisha wawekezaji kutoka Israeli. Kote huko mwenye jembe si mshirika. Akibahatika huwa kibarua.

Wakulima wa nyanda za juu hawahitaji kwenda Maseru kulielewa hilo. Wanaikumbuka pareto. Kenya iliwahi kutoa sehemu kubwa ya pareto yote duniani, hadi malipo yalipochelewa mwaka baada ya mwaka na watu wakaing'oa kwa hasira. Zao lililokuwa halali, lenye bodi yake na soko lake, liliporomoka kwa sababu ya usimamizi mbovu. Anayeahidi kwamba bangi itasimamiwa vyema zaidi ana deni la kueleza ni nani atakayeisimamia.

Upande wa pili nao, wa wanaotaka misako iongezwe, una maswali yake ya kujibu. Uchunguzi wa kitaifa wa NACADA wa mwaka 2022 ulikadiria kwamba Wakenya 518,807 wenye umri wa kati ya miaka 15 na 65 walikuwa wakitumia bangi, yaani mtu mmoja katika kila 53, na kwamba kiwango hicho kilikuwa kimepanda kwa asilimia 90 katika muda wa miaka mitano. Marufuku ilikuwapo miaka hiyo yote. Eldoret yenyewe ina kipimo chake cha zamani: utafiti uliochapishwa mwaka 2011 na Lukoye Atwoli na wenzake, uliohusisha wanafunzi 500 wa vyuo vya mjini humo, ulionyesha kwamba asilimia 69.8 walikuwa wamewahi kutumia kileo au dawa ya kulevya ya aina fulani. Pombe na sigara ndizo zilizoongoza kwa mbali. Bangi ilikuwa asilimia 2. Yafaa wanaohubiri dhidi ya jani wazikumbuke chupa, ambazo huuzwa hadharani hatua chache kutoka malango ya vyuo.

Jambo moja lisipotoshwe. Bangi si mboga, na hasa kwa kijana ambaye ubongo wake haujakomaa, matumizi ya mara kwa mara ya aina kali yanahusishwa na maradhi ya akili. Swali ni iwapo jela ndiyo kliniki yake. Tume ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya, ilipopiga kura mnamo Desemba 2020, iliiondoa bangi katika orodha ya dawa hatari mno kwa kura 27 dhidi ya 25. Tofauti hiyo ndogo yaonyesha jinsi ulimwengu ulivyogawanyika. Nayo Mahakama ya Kikatiba ya Afrika Kusini iliamua mwaka 2018 kwamba mtu mzima anaweza kuikuza na kuitumia faraghani. Bunge la huko lilichukua takriban miaka sita kabla ya sheria kutiwa sahihi Mei 2024.

Mjadala wa Kenya umekwama kwa sababu umefunga mizigo mitatu kwa kamba moja. Kuna kijana anayepatikana na msokoto mfukoni. Kuna mgonjwa wa kifafa au saratani ambaye daktari wake angependa kujaribu dawa inayotokana na mmea huo. Na kuna katani ya viwandani, isiyolevya, ambayo jiji lenye kiwanda cha nguo cha Rivatex lingekuwa na haki ya kuiulizia. Kila suala lahitaji sheria yake na ushahidi wake. Anayeyachanganya, awe mtetezi au mpinzani, anaurahisishia mkutano wa hadhara kazi na kuiachia kamati ya bunge fumbo.

Wakati huohuo kampeni nyingine haziko mbali, na bila shaka bangi itapandishwa tena jukwaani. Ifikapo Machi, mvua za kwanza zinapotarajiwa, mkulima wa Moiben atakuwa kwenye foleni ya mbolea akiwa na nakala ya kitambulisho mkononi, udongo wake ukiwa haujapimwa. Hajaambiwa na mwanasiasa yeyote kati ya waliomwahidi utajiri huo leseni ingemgharimu kiasi gani.