Soma Ubavu wa Tairi Kabla ya Kuuliza Bei

Sisi waandishi wa programu hatupakui kitu kabla ya kutazama toleo. Ajabu ni kwamba tukienda kununua tairi la pikipiki, tunauliza bei, tunabonyeza kwa kidole, basi.

Tafuta tarakimu nne ubavuni. 2319 maana yake ni wiki ya 23, mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa rafuni: hukakamaa, na mpira uliokakamaa haushiki vizuri lami iliyolowa. Mimi nalichagua tairi jipya la bei nafuu kuliko lenye jina kubwa lililokaa dukani miaka sita. Hapo hamnibadilishi.

Kisha ukubwa. Tuseme la nyuma limeandikwa 3.00-17 50P: upana inchi 3, rimu inchi 17. P ni mwendo wa hadi kilomita 150 kwa saa (pikipiki yako haifiki huko, tulia). Muhimu ni 50, yaani kilo 190. Ukibeba abiria na gunia, uzito mwingi huangukia nyuma, kwa hiyo usishuke chini ya namba ya kiwandani.

Muuzaji atakusifia meno makubwa. Kwa barabara ya udongo, sawa. Lakini kwenye Thika Road siku ya mvua, meno hayo hugusa lami kidogo tu, na ukishika breki utajua.

Rimu ni ya spoku? Nunua na tubu mpya. Fundi akifunga, hakikisha mshale wa ubavuni unafuata mzunguko wa gurudumu.