CHUO CHA WANANCHI SI KARAKANA TU

Kijana wa Ukerewe, Kome au Maisome anapofika Segese kutafuta dhahabu, husikia neno alilolizoea tangu utotoni: mwalo. Kwao mwalo ni pwani ya kushushia dagaa na sangara. Huku Msalala mwalo ni mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu. Neno ni moja, na shida nayo ni moja. Katika mialo yote miwili mwenye jasho huondoka na haba, na mwenye kujua hesabu, mkataba na sheria huondoka na kibaba.

Wapo wasemao kwamba dawa ya shida hiyo ni ufundi peke yake. Sisi hatuupingi ufundi. Nchi haijengwi bila waashi, maseremala na mafundi wa mitambo. Lakini tunasema kwamba ufundi pekee haumlindi mwananchi, na kwamba Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi havikuanzishwa viwe karakana tu.

Turejee historia. Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kuwa watu wazima 67 katika kila 100 nchini hawakujua kusoma na kuandika. Tangu mwaka 1968 mikoa ya Ziwa ikawa uwanja wa mradi wa majaribio wa elimu ya watu wazima, uliosaidiwa na UNESCO na kuongozwa kutoka Mwanza. Mwaka 1971 Ukerewe na Mafia zikawa miongoni mwa wilaya sita zilizopewa jukumu la kufuta ujinga kabla ya nyingine zote. Visiwa ndivyo vilivyotangulia. Kufikia mwaka 1975 wasiojua kusoma walikuwa wamepungua hadi 39 katika kila 100.

Hapo ndipo lilipozuka swali: mtu aliyekwisha kujua kusoma, asonge mbele kwenda wapi? Jibu likawa vyuo vya wananchi, vilivyoanzishwa mwaka 1975 kwa msaada wa Sweden. Mfano wake ulitoka Skandinavia, ambako chuo cha kwanza cha namna hiyo kilifunguliwa Rødding, Denmark, mwaka 1844, kwa kufuata mawazo ya N.F.S. Grundtvig. Yeye aliamini kwamba mkulima anastahili kujifunza historia ya nchi yake, lugha yake na mambo ya utawala kwa mazungumzo, bila kutishwa na mitihani.

Maisha ya mwanachuo wa miaka ile yalilingana na imani hiyo. Alichaguliwa na kijiji chake, akaishi chuoni pamoja na wenzake, wake kwa waume. Alishika randa na cherehani, akalima shamba la chuo na kutunza mifugo; lakini vile vile alifundishwa siasa, uchumi, uongozi na utamaduni. Hakuahidiwa cheti cha kumpatia kazi mjini. Alitakiwa arudi kijijini akawe mtu wa kutegemewa na wenzake.

Nyakati zimebadilika. Vyuo vimehamishwa kutoka wizara moja hadi nyingine na kurudishwa; mafunzo ya ufundi stadi yameingizwa; na katika miaka ya karibuni mpango wa Elimu Haina Mwisho umewafungulia mlango wasichana waliokatishwa masomo, hata wenye watoto wachanga. Hayo yote tunayasifu. Lakini saa za siku haziongezeki, na somo lisilotahiniwa ndilo huwa la kwanza kusukumwa nje ya ratiba. Hatari hiyo hatuna budi kuisema mapema.

Tazameni Segese na ukanda wake wa dhahabu. Mgodi wa zamani wa Geita ulianza katika miaka ya 1930 ukafungwa mwaka 1966. Huko Bulyanhulu wachimbaji wadogo waliondolewa mwaka 1996, na mgodi mkubwa ukaanza kuzalisha mwaka 2001. Buzwagi ulianza mwaka 2009, na mwaka 2021 uzalishaji ukakoma. Kijana aijuaye historia hii atauliza: dhahabu ikiisha, sisi tutabaki na nini? Asiyeijua atadhani kwamba duara lake ni la milele. Fundi mzuri anaweza kuunda karasha ya kusagia mawe. Lakini mgawo wa mifuko ya mawe huamuliwa kwa maneno, kwa maandishi na kwa kuijua Sheria ya Madini ya mwaka 2010. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo tunatoa rai tatu kwa viongozi wetu. Kwanza, katika vyuo vya Mwanva, Buhangija, Sengerema, Karumo na vinginevyo, kila mwanafunzi wa ufundi atengewe saa zisizoguswa za historia, uraia, sheria, lugha na hesabu za biashara. Pili, chuo kiwafuate watu. Kozi fupi zifanyike Segese, karibu na maduara. Na visiwani zifanyike wakati wa mbalamwezi, siku ambazo wavuvi wa dagaa hutia nanga na taa zao hupumzika. Tatu, halmashauri zinazopokea ushuru wa huduma kutoka migodini zitenge sehemu yake, ili vijiji virudie desturi ya kuchagua na kuwalipia wanachuo wake.

Nanyi ndugu zetu wa visiwani, msingoje kuitwa. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, limefupisha safari ya vijana wenu kwenda kwenye dhahabu. Yaulizeni mabaraza ya kata zenu: kwa kila vijana kumi wanaovuka kwenda machimboni, ni wangapi wamepitia chuoni kwanza? Ukerewe ilipotakiwa kufuta ujinga mwaka 1971, wazee walikaa darasani baada ya kuanika nyavu. Wajukuu wao wana haki ya darasa lililo pana zaidi, na wenye dhamana ya elimu wana wajibu wa kulilinda lisifinywe.