Zimeni Umeme Wenyewe

Usiku wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, umeme ulikatika karibu Kenya nzima. Uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, ulikuwa na majenereta, lakini kwa baadhi ya majengo ya abiria hayakuwaka. Wasafiri walikaa gizani na mizigo yao, picha zikazagaa dunia nzima. Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, Kipchumba Murkomen, akaomba radhi, na mkuu wa mamlaka ya viwanja vya ndege akaondolewa kazini.

Hatulikumbushi hilo ili kumcheka jirani. Uwanja ule haukukosa jenereta, ulikosa jenereta linalowaka, na majengo mengi ya biashara katika miji yetu yana kasoro hiyohiyo. Ulizia ofisi ya kupanga Posta, Dar es Salaam, au fremu Kariakoo, utaambiwa "jenereta lipo". Uliza mara ya mwisho lilibeba jengo zima lini, lifti na pampu za maji zikiwa zinafanya kazi, uone dalali anavyobadilisha mazungumzo.

Wapo watakaosema siku za giza zimekwisha. Ni kweli makali ya mgawo wa umeme wa 2023 na mwanzoni mwa 2024 yamepita, na Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115. Lakini Aprili 1, 2024, mtambo wa kwanza wa bwawa hilo ukiwa umeshaanza kuzalisha, hitilafu ya gridi iliiacha sehemu kubwa ya Tanzania gizani. Umeme kuwa mwingi ni jambo moja, kukufikia ni jingine. Nguzo ikianguka Mbagala, megawati hizo zote hazimwokoi mwenye bucha.

Kwa hiyo tunasema: kila mwenye jengo la biashara azime umeme mwenyewe. Achague siku na saa, awatangazie wapangaji, kisha aliache jengo lijitegemee kwa saa nzima, angalau mara moja kwa mwezi. Kuwasha jenereta dakika tano bila mzigo, moshi ukatoka na mlinzi akaandika "safi" kwenye daftari, si jaribio. Jenereta la dizeli likizoeshwa kuzunguka bila mzigo hujaa masizi na mafuta yasiyoungua, likaharibika huku kila mtu akiamini ni zima. Likibebeshwa mzigo ndipo utakapojua kama betri imekufa, kama dizeli imeingia maji, na kama swichi ya kuhamisha umeme inahamisha kweli.

Saa hiyo moja itasema mengi. Itaonyesha taa za ngazini zinadumu muda gani, lifti inasimama wapi, nani ana ufunguo wa kumtoa aliyekwama, na kama ghorofa ya nane inapata maji pampu ikisimama. Wenzetu wa Unguja hawahitaji kufundishwa hili. Njia ya umeme wa chini ya bahari ilipoharibika Desemba 2009, kisiwa kilikaa takriban miezi mitatu bila umeme wa gridi, na kupata maji kukawa adha kama giza lenyewe. Ndipo pia ilipoonekana kwamba jenereta la kuvukia saa mbili na la kuendeshea biashara kwa miezi mitatu hayana bajeti moja.

Si lazima kila kitu kiwake. Zitangulie taa za njia za kutokea, pampu ya zimamoto, maji, lifti moja, na jokofu la duka la dawa. Viyoyozi vingoje. Friza lililojaa, lisipofunguliwa, hutunza baridi takriban siku mbili. Friji ya kawaida, saa nne tu. Mwenye kupiga hesabu hiyo hanunui jenereta kubwa kuliko haja yake, na mwenye duka dogo huenda akagundua kwamba betri na inveta zinamtosha.

Na wenye fremu ndogo tuna neno nao. Kijenereta hakiwekwi stoo wala chini ya ngazi, kwa sababu moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua. Kukichomeka kwenye soketi ya ukutani ili "kuwasha duka zima" bila swichi ya kutenganisha ni kurudisha umeme kwenye nyaya za mtaani, ambako fundi yuko juu ya nguzo akijua laini imezimwa. Wengi huuita ujanja. Sisi tunauita kuhatarisha roho ya mtu.

Wenye majengo watalalamika kwamba dizeli ni ghali. Ni ghali, lakini wapangaji wengi wanatozwa gharama yake kila mwezi ndani ya gharama za huduma, na anayelipia jenereta ana haki ya kuona daftari la majaribio yake. Mkataba utaje kitakachowaka, kwa saa ngapi, na nani atalipa mafuta yakizidi. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji nalo, likija kukagua, lisiridhike na risiti ya ununuzi. Liseme: zimeni, tuone.

Jengo likifeli mtihani huo Jumanne saa nne asubuhi, hasara ni saa moja ya kazi na manung'uniko ya wapangaji, na fundi yupo palepale. Uwanja wa Nairobi ulifanya mtihani wake Ijumaa usiku, abiria wakiwa ndani.