Kazi si Makombo ya Mtihani

Katika Chang'ombe, wilayani Temeke, zimo nyumba mbili za elimu zisizokaa mbalimbali. Moja ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, ambacho mwaka 2005 kilishika mahali pa Chuo cha Ualimu kilichotangulia. Ya pili ni chuo cha ufundi cha VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Katika ya kwanza hufunzwa walimu. Katika ya pili hufunzwa mafundi. Taifa haliwezi kusimama bila ya watu hao. Hata hivyo, uvumi wa mitaani huzihukumu nyumba zote mbili kwa neno moja: huko huenda waliokosa pengine.

Hukumu hiyo ni ya uongo, na madhara yake yanapita kejeli. Mzazi humwambia mtoto kwamba akikosa udaktari na sheria, ualimu upo. Akikosa vyote, ashike randa. Kwa maneno hayo humfunza maovu mawili: kwamba kazi zimepangwa kama vipago vya ngazi, na kwamba thamani ya mtu ni alama zake. Mtihani hupima kilichokumbukwa kwa saa chache. Haupimi subira ya kurudia somo mara ya nne kwa mtoto mzito wa kuelewa, wala jicho linaloona ubao umepinda kabla ya kipimo kuwekwa.

Wako wanaojibu kwamba ajira ni haba, na kwamba kijana maskini hana budi kuufuata mlango uliofunguka, hasa ukiwa na mkopo wa masomo nyuma yake. Hoja hii ina uzito, na si haki kumlaumu kijana huyo. Kosa si kuingia kwa haja. Kosa ni kukaa ndani kwa dharau. Mwalimu anayeidharau kazi yake hupokea mshahara kamili, lakini hasara yake hulipwa na watoto waliobanana darasani Mbagala na Tandika, ambao hawakushauriwa.

Upande wa pili wako wanaohubiri kwamba kijana aujue kwanza moyo wake, ndipo achague kazi. Ushauri huu ni mtamu, lakini ni mtupu. Moyo wa kijana haujui randa isiyopata kushikwa. Kazi imfaayo mtu hujulikana mkononi. Katika karakana za Keko, jirani na Chang'ombe, mwanagenzi hatambuliwi kwa maneno yake juu ya useremala. Hutambuliwa kwa namna anavyoushika msasa, na kwa kurudi kwake kesho baada ya kulaumiwa leo.

Historia inashuhudia kwamba cheo na wito si kitu kimoja. Shaaban Robert aliajiriwa katika idara ya forodha mwaka 1926, akawa karani wa serikali ya kikoloni kwa miaka mingi; leo ukarani wake hausifiwi na mtu, bali kalamu yake. Julius Nyerere aliacha kufundisha Pugu mwaka 1955, lakini hata alipokuwa Rais watu waliendelea kumwita Mwalimu. Wa kwanza alikuwa na wito nje ya ajira yake. Wa pili aliiacha ajira, na wito ukamfuata. Na Nyerere huyo huyo, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, aliyakemea majivuno ya elimu inayomtenga msomi na watu wafanyao kazi kwa mikono. Majivuno hayo hayajafa. Yamebadili mavazi tu.

Basi shule na zimpe kila mwanafunzi nafasi ya kugusa kazi kabla ya kupangiwa kazi. Vyuo vya ualimu na vipime watu mbele ya watoto, si kwa karatasi peke yake. Fundi na alipwe bila ya kubembelezwa bei kama mwomba sadaka. Ama mwanafunzi wa Chang'ombe aliyefika kwa kukosa pengine, yeye bado ana hiari. Mazoezi ya kufundisha yatamwonyesha ukweli kuliko cheti. Akiona kazi inamchukiza, aondoke mapema, kwani kuondoka huko ni huruma kwa watoto. Akiona inampendeza, asimtake radhi mtu yeyote kwa kuwa mwalimu.