Minde Alikuwa na Jina Kabla ya Bwana Abbott

Yuko mnyama wa jamii ya funo, mwenye rangi ya kahawia iliyokoza, aishiye katika misitu ya milima ya Tanzania na asiyepatikana katika nchi nyingine yoyote. Vitabu vya Kiingereza humwita kwa jina la Abbott. Sisi twamwita minde.

William Louis Abbott alikuwa Mmarekani tajiri aliyekusanya wanyama, ndege na hata vyombo vya wenyeji katika Uchagga kuelekea mwisho wa miaka ya 1880. Vitu hivyo vilikwenda makumbusho ya Smithsonian, Washington, na mwaka 1890 mtaalamu Frederick True akamtangaza minde kuwa mnyama mpya. Mpya kwa nani?

Hakuwa wa kwanza. Katika miaka ya 1820 manowari za Kapteni William Owen wa Uingereza zilikwisha kupima pwani yetu na kuichora katika ramani. Kisha ikaja zamu ya bara. Baron von der Decken alifika Kilimanjaro mwaka 1861 na 1862. Lobelia isimamayo katika baridi ya juu, kaskazini ya Uru yetu, imepewa jina lake. Mwaka 1884 Harry Johnston alipiga kambi Moshi kwa Mangi Rindi, akituma mimea na ndege kwa wataalamu wa Uingereza. Johnston huyo huyo ndiye aliyefanya mikataba ya ardhi Taveta mwaka ule ule. Chupa ya wadudu na karatasi ya mkataba zilibebwa katika msafara mmoja, na wapagazi wale wale.

Sisemi kwamba elimu ile haina faida. Ngozi na majani yaliyohifadhiwa vizuri humwonyesha mtaalamu wa leo ni nini kilichokuwapo na nini kimepungua. Minde mwenyewe sasa ni adimu. Lakini kwa kawaida kibandiko hutaja mkusanyaji, mahali na tarehe. Aliyemjua mnyama, akaonyesha njia yake msituni, hatajwi.

Vitu vyenyewe viko mbali, na kuvidai ni kazi ya serikali. Majina, hata hivyo, yangali Uru. Walimu wa shule zetu za msingi hawana budi kuwatuma wanafunzi kwa wazee, wakaandike kila mti kwa jina la Kiuru pamoja na matumizi yake: msesewe wa kutengenezea mbege, isale la kuombea msamaha, na mingine ambayo vijana wengi hawaitambui tena. Chuo cha Mweka, jirani yetu tangu 1963, kiombwe kuyalinganisha majina hayo na ya kitaalamu. Maofisa elimu waiweke kazi hii katika ratiba ya muhula ujao, maana wazee wenye majina hayo wanapungua.