Barua za Mwambao

Barua walizoandikiana John Adams na Thomas Jefferson, marais wa zamani wa Marekani, zinasifiwa sana, na kwa haki. Lakini msomaji wa Munje ana barua zinazomgusa karibu zaidi, kwani kijiji chake kimo ndani ya Mwambao, ule ukanda wa maili kumi wa pwani ya Kenya ambao Sultani wa Zanzibar aliwaachia Waingereza wauendeshe, kwa malipo ya kila mwaka, tangu 1895.

Tarehe 5 Oktoba 1963, mawaziri wakuu wawili, Jomo Kenyatta wa Kenya na Mohammed Shamte wa Zanzibar, waliandikiana. Kenyatta aliahidi uhuru wa kuabudu, na makadhi wabaki na mamlaka yao ya ndoa, talaka na mirathi. Watoto wa Kiislamu wangefundishwa Kiarabu, na maafisa katika maeneo yenye Waislamu wengi wawe Waislamu, kadiri itakavyowezekana. Hilo "kadiri" si neno la bure. Aliyelitia hapo alijua kazi yake.

Siku tatu baadaye mkataba wa kuuingiza Mwambao katika Kenya ukatiwa saini.

Chungu zaidi ni ahadi ya ardhi. Hatimiliki zilizokwisha kusajiliwa zingetambuliwa daima, na mpya ziendelee kusajiliwa. Basi yule Mdigo aliyerithi minazi ya babu yake bila karatasi? Hakutajwa. Wala wakazi wa Mwambao hawakupigishwa kura juu ya mkataba huo.

Tarehe 12 Januari 1964 mapinduzi yakaiangusha serikali ya Shamte, na aliyeandikiwa ahadi hakuwa tena na kiti cha kuidai. Makadhi, hata hivyo, wamo katika ibara ya 170 ya Katiba ya Kenya ya 2010.