KICHOCHO HAKINA CHAMA

Yapo mambo ambayo vyama vya siasa vina haki ya kuyagombania, na yapo mengine ambayo mwenye kuyatia siasa huwadhulumu watoto wake mwenyewe. Katika hayo ya pili limo suala la kichocho.

Tumewasikia baadhi ya wafuasi wetu wakisema kwamba vidonge vya kichocho ni vya Serikali, na wao si watu wa Serikali, kwa hiyo watoto wao hawatavimeza. Sisi tunaoipinga Serikali hiyo kila wiki katika ukurasa huu twawaambia ndugu zetu hawa waziwazi: mmekosea.

Wengi wetu tumekua tukiuona mkojo wa damu wa mtoto kuwa ni jambo la kupita, kama kung'oka meno. Sivyo. Mdudu wa kichocho hutoka kwa konokono wa maji baridi, akapenya ngozi ya mtu aliyeingia mtoni au bwawani. Akikomaa hukaa katika mishipa ya damu iliyokizunguka kibofu cha mkojo. Mayai yake mengine hutoka na mkojo na kurudi majini. Mengine hukwama katika ukuta wa kibofu, yakafanya uvimbe na makovu. Ukuta uliojeruhiwa hivyo miaka mingi huweza kuingia saratani. Haya si maneno ya kutishana. Mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilikiweka kichocho cha mkojo katika daraja la kwanza la mambo yanayosababisha saratani kwa binadamu. Huko Misri saratani ya kibofu ilikuwa imetangulia mbele ya nyingine kwa wanaume. Kichocho kilipopunguzwa, fungu lake nalo likapungua.

Basi mtoto anayenyimwa kidonge leo huenda akailipa siasa ya baba yake akiwa mtu mzima.

Lakini Serikali nayo isidhani kuwa kugawa vidonge ndio mwisho wa wajibu wake. Dawa ya prazikwanteli humuua mdudu aliyemo mwilini. Haimzuii mwingine kuingia kesho. Kati ya 2012 na 2016 Unguja na Pemba zilifanyiwa juhudi kubwa ya kugawa dawa, kuua konokono na kuwaelimisha watu. Kichocho kilipungua sana, ila hakikuisha. Mama anayefua mtoni hafui huko kwa kupenda. Hufua huko kwa sababu mfereji wa kijiji umekauka. Kumkanya bila ya kumpa maji ni kumkejeli.

Kwa hiyo twadai mifereji itoe maji, kila skuli iwe na vyoo vinavyofaa, na kila kituo cha afya kiweze kupima mkojo. Twadai pia watu wazima wasisahauliwe. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba pale kichocho kilipofikia asilimia 10 ya watu au zaidi, dawa wapewe wote kuanzia umri wa miaka miwili.

Na wavutaji wa sigara wasijione wamesalimika kwa kuwa hawaogi mtoni. Duniani kote tumbaku ndiyo sababu kubwa ya saratani ya kibofu. Sumu ya moshi huingia katika damu, ikachujwa na figo, ikakaa kibofuni mpaka mtu akojoe. Hatari ya mvutaji ni kiasi cha mara tatu ya asiyevuta, na akiacha hupungua. Tena mtu mzima akiona damu katika mkojo, hata mara moja, hata bila ya maumivu, asione haya wala asingoje: aende hospitali.

Ndugu wananchi, tofauti zetu na Serikali ziko pale pale, na siku ya kura tutazitatua. Kwa leo, vidonge tuvimeze, na mifereji tuidai.